Asilimia 34 ya kura, viti 411: jibu kwa mdogo wetu wa Leicester

Swali limetoka kwa mdogo wetu mmoja yuko Leicester, Uingereza, na kwa kifupi anasema hivi: "Shikamoo kaka. Nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku, na tuko watatu tunaoongea Kiswahili, mimi Mtanzania, kuna Mkenya na kuna mwenzetu wa Congo. Kila siku tunabishana uchaguzi ujao wa bunge hapa Uingereza nani atachukua. Mkenya anasema tafiti zote za kutabiri ni uongo mtupu, anatoa mfano wa hapa hapa Leicester. Mimi namwambia mbona 2024 walisema Labour anashinda na kweli kashinda? Mcongo yeye anasema hao Labour hawakushinda chochote, asilimia 34 sio ushindi. Tuamulie kaka, na utuambie mtu wa kawaida anatabirije."

Marahaba mdogo wangu. Nikuamulie moja kwa moja halafu tuelezane taratibu: Mcongo ana hoja nzito ya haki ila sio ya hesabu, Mkenya yuko karibu na ukweli japo kazidisha, na wewe samahani sana ndo uko mbali kuliko wote. Hiyo sentensi yako ya "walisema Labour atashinda na kweli kashinda" ndo imewafanya watu wengi wasione kitu kikubwa kilichotokea usiku ule.

Kwanza neno lenyewe, maana huku kwetu linachanganya. Nikisema kura za maoni hapa namaanisha hizi za kampuni za utafiti, wanapigia watu simu au wanawauliza mtandaoni "ungempigia nani", sio zile za CCM za kuchuja wagombea na wala sio ile ya wananchi kuamua katiba. Mimi hizi namba za kampuni ndo kazi yangu, zaidi ya miaka kumi sasa nazichambua, na ukumbini kwenye kuhesabu kura nimeshakaa kama karani mara tatu, kwa hiyo nimeona pande zote mbili, namba zinavyotabiriwa na karatasi zenyewe zinavyomwagwa mezani.

Sasa turudi tarehe 4 Julai 2024. Siku za mwisho kabla ya kupiga kura, ukichukua wastani wa tafiti, Labour alikuwa anaongoza Conservative, chama kilichokuwa madarakani, kwa pointi kama 18 au 19 hivi. Matokeo yalipotoka Labour kapata asilimia 33.7, Conservative 23.7. Toa mwenyewe hapo, ni pointi 10. Yani kwenye gepu walikosea pointi 8 hivi. Sasa linganisha na 2015, ule mwaka ambao kila mtu anaukumbuka kama aibu ya watabiri: tafiti zilisema vyama viwili viko sare kabisa, matokeo Conservative 36.9 Labour 30.4, kosa la pointi 6 na nusu. Baada ya hapo ikaundwa kamati ya kuchunguza, profesa Patrick Sturgis akiiongoza, ripoti ikatoka 2016, magazeti yakaandika miezi. Kosa la 2024 ni kubwa zaidi ya la 2015 na hakuna aliyeandamana! Kwanini? Kwa sababu lilimwangukia mtu aliyekuwa mbele sana. Ukitabiri Simba atashinda 5 bila akashinda 2 bila, kijiweni hakuna atakayekuuliza, ila ukitabiri sare akafungwa 2 utasemwa mwaka mzima, na kosa la kwanza ndo kubwa kuliko la pili.

Hilo ndo jambo ningependa mlishike nyie watatu, msipime utabiri kwa kuangalia jina la mshindi. Jina la mshindi unaweza kulipatia kwa bahati. Pima kwa umbali.

Na usifikiri kosa huwa linaenda upande mmoja ukalijua ukalirekebisha. 2015 waliwapunja Conservative. Uchunguzi ukakuta sababu kubwa ni sampo, watu waliokubali kujibu hawakufanana na watu waliokwenda kupiga kura, wapenzi wa siasa walikuwa wengi mno ndani ya sampo na wale wa kuchoka-na-kazi-zangu wasiopokea simu walikuwa wachache. Kampuni zikaingia 2017 zimejifunza, nyingine zikaongeza hesabu za "huyu kijana anasema atapiga ila hatokwenda", wakampunguza Labour wa Jeremy Corbyn, na vijana wakaenda. Waziri mkuu Theresa May wa Conservative aliitisha uchaguzi akiwa anaongoza karibu pointi 20, akaumaliza Conservative wana viti 317, hawafiki nusu ya bunge, tofauti ya kura pointi 2 na kidogo tu. Halafu 2024 kosa likageuka tena, Labour kazidishiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "wanakoseaga kwa Labour kila siku, toa pointi tano", muulize 2017 angetoa ngapi na angeishia wapi.

Kwa 2024 mimi nadhani kuna vitu viwili vilikutana. Kimoja, wale wazee waliozoea Conservative walikuwa wamekasirika, ukiwauliza wanasema sijui, na mwisho sehemu yao wakarudi nyumbani kimya kimya. Kingine, na hiki nakiamini zaidi, ukimwambia mtu kila siku kwamba Labour anaongoza kwa pointi 20 basi yule mtu anaona kura yake haihitajiki pale, anakipa chama cha Green, anampa mgombea binafsi, au anakaa nyumbani. Waliojitokeza walikuwa asilimia 60 tu au hata pungufu kidogo, ndogo kuliko zote tangu 2001. Utabiri wenyewe ukiwa mkubwa sana unabadilisha kile unachokitabiri, jambo ambalo wa hali ya hewa hana, mvua haisikilizi redio.

Haya tuje kwa Mcongo na asilimia zake. Kasema asilimia 34 sio ushindi. Kwa hisia ya haki nakubaliana nae, hakuna serikali ya chama kimoja yenye wingi bungeni iliyowahi kuingia na asilimia ndogo hivyo Uingereza, rekodi ya nyuma yake ilikuwa ya Labour wa Tony Blair 2005, asilimia 35.2. Lakini bunge la Uingereza halihesabu asilimia za taifa hata siku moja. Hakuna kitu kama hicho kwenye sheria yao. Kuna majimbo 650, kila jimbo anayeongoza anachukua hata kwa kura moja, basi, mchezo umeisha. Sisi Watanzania tunaujua mfumo huu maana tuliurithi kwao, tofauti sisi tuna viti maalum vinavyogawiwa kwa kufuata asilimia juu yake, wao hawana hata hicho cha kupooza. North East Fife kule Scotland mwaka 2017 SNP, chama cha kudai uhuru wa Scotland, alishinda kwa kura 2. Mbili! Familia moja ikichelewa basi imeshaamua mbunge.

Angalia hizi namba za Labour alafu uniambie kama asilimia zinakusaidia kutabiri. 2017 Corbyn kapata kura milioni 12.9, viti 262. 2019 kapata milioni 10.3, viti 202, kipigo kikubwa. 2024 Labour wa Keir Starmer kapata milioni 9.7, umeona, pungufu ya zile za kipigo, viti 411. Kura zimepungua, viti vimeongezeka mara mbili. Sio uchawi na sio wizi. Kwanza mpinzani wake aligawanyika, Reform ya Nigel Farage ilikula kura za Conservative kila kona. Pili kura za Labour zilihama, zikapungua kwenye majimbo yake ya kudumu ambako alikuwa anashinda kwa elfu ishirini za bure, zikaongezeka kule ambako elfu mbili tu zinageuza jimbo. Kura ya ziada kwenye jimbo ulilokwisha kushinda ni sawa na abiria anayening'inia mlangoni wakati nauli imeshatimia.

Mfano mzuri zaidi ni hawa wawili, na ningekuwa mwalimu ningefundisha kwa huu peke yake. Reform 2024 wamepata kura milioni 4.1, asilimia 14.3, viti 5. Liberal Democrats wamepata milioni 3.5, asilimia 12.2, viti 72. Mwenye kura chache ana viti mara kumi na nne ya mwenzake. Reform walikuwa kama chumvi kwenye supu, wapo kila tonge ila hakuna mahali umewaona wamekaa, wakashika nafasi ya pili kwenye majimbo 98. Nafasi ya pili hailipi. Liberal Democrats wao walichagua majimbo yao kule kusini, Surrey, Oxfordshire, Somerset, Devon, wakaweka watu na pesa zote huko na kwingine wakaacha tu jina kwenye karatasi. Na hao hao Liberal Democrats 2019 walikuwa na kura milioni 3.7, nyingi kuliko za 2024, wakaambulia viti 11. Kwa hiyo mkibishana usiku huko msiulizane chama fulani kina kura ngapi, ulizaneni kura zake zinaishi wapi.

Sasa Leicester yenu, hapo Mkenya ndo amenifurahisha. Mji una majimbo matatu, na usiku ambao Labour alikuwa anafagia nchi nzima, hapo Leicester alipoteza mawili kati ya matatu. Leicester East, jimbo lililokuwa linaenda Labour kila uchaguzi mkuu tangu 1987, likachukuliwa na Shivani Raja wa Conservative, na hilo ndo jimbo PEKEE ambalo Conservative walilinyang'anya nchi nzima usiku ule. Raja alipata kama asilimia 31 tu. Wabunge wawili wa zamani wa jimbo hilo hilo, Claudia Webbe na Keith Vaz, waliokuwa Labour zamani, waligombea kila mtu kivyake, wakachukua kwa pamoja zaidi ya kura elfu 9, wakati gepu la Labour na mshindi lilikuwa elfu 4 na ushee. Leicester South nako Jonathan Ashworth, aliyeshinda 2019 kwa zaidi ya kura elfu 22, mtu aliyekuwa anasubiri kuingia serikalini asubuhi inayofuata, kaangushwa na Shockat Adam, mgombea binafsi, kwa kura 979. Ilikuwa hasira ya watu juu ya msimamo wa Labour kuhusu vita vya Gaza. Watu wa jimbo lile walikuwa wanaisema misikitini, madukani, kwenye vinyozi, na ukiwa mtaani ungeisikia.

Mbona hesabu za kitaifa hazikuiona vizuri? Hapa inabidi nieleze hizi modeli wanazoziita MRP, maana ndo zitakazojaa kwenye simu zenu uchaguzi ujao. Wanauliza makumi ya maelfu ya watu, sio elfu moja kama tafiti za kawaida, wanajifunza mtu wa umri huu, elimu hii, nyumba ya kupanga au yake, alipigia nani zamani, sasa ana tabia gani. Halafu wanachukua takwimu za sensa za kila jimbo, wanasema hapa kuna watu wa aina hii wangapi na wa aina ile wangapi, wanazidisha, wanapata utabiri wa jimbo. Ni kazi nzuri na 2017 modeli ya kampuni ya YouGov ilikuwa karibu peke yake kusema May atakosa wingi, watu wakaicheka na ikawa kweli. Lakini modeli ya namna hiyo inamjua mtu kwa aina yake, haimjui Keith Vaz. Haina kisanduku cha "mzee aliyekuwa mbunge wetu miaka 32 amerudi na anajulikana kila harusi". Aina ya mtu inafanana Leicester na Bradford, majina kwenye karatasi ya kura hayafanani.

Na hata zenyewe zinatofautiana sana. Wiki ya mwisho kabla ya kura ya 2024 YouGov walitoa Labour 431 na Conservative 102, More in Common wakatoa Labour 430 na Conservative 126, Survation wakatoa Labour 484 na Conservative 64. Mfumo mmoja, wiki moja, nchi moja, halafu chama kimoja huyu anakipa viti 64 na yule 126! Kweli ikaja 411 na 121. Kwa hiyo Mkenya kusema ni uongo mtupu amezidisha, More in Common kwa Conservative walikosa viti vitano tu, huwezi kumwita mtu huyo mwongo. Ila mtu aliyeona moja tu ya hizo kwenye simu yake akaamka anabishana nayo, huyo alikuwa anabishana na theluthi ya habari.

Nikupe kitu nilichokiona kwa macho. Nimekaa meza ya kuhesabu, ukumbi wa michezo, zile taa nyeupe za kuumiza macho na chai ya vikombe vya karatasi. Masanduku yanaanza kuingia baada ya saa nne usiku, lakiri inakatwa, karatasi zinamwagwa mezani. Kazi ya kwanza sio kuhesabu nani kapata nini, ni kuhakiki tu kwamba idadi ya karatasi inalingana na ile aliyoandika msimamizi wa kituo. Tunazigeuza uso juu, tunahesabu idadi. Baada ya hapo karatasi za vituo tofauti zinachanganywa, kwa hiyo huwezi tena kujua mtaa upi umempa nani. Sasa mbele yetu, ng'ambo ya meza, mawakala wa vyama wamesimama na ubao na kalamu, hawaruhusiwi kugusa ila wanaruhusiwa kuangalia, na kila karatasi tunayogeuza wanapiga mstari, mistari minne na wa tano unakata, sanduku moja hili linatoka mtaa fulani, jingine linatoka kijiji fulani. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, wakala, amevaa sweta ya kijani, alikuwa hasemi na mtu. Anachukua karatasi kama hamsini za mwanzo za kila sanduku kisha anahamia meza nyingine. Saa saba usiku alikunja ubao wake akaenda kukaa kwenye kiti ukutani akavua viatu. Nilipopita kwenda chooni akaniambia kwa sauti ya chini tumeshindwa kama kwa elfu moja na kitu. Matokeo yalitangazwa saa kumi na moja kasoro, wameshindwa kwa elfu moja na mia tatu hivi. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na orodha ya vituo vile vile kutoka uchaguzi uliopita, na alichokuwa anafanya ni kuangalia kila kituo kimeshuka au kimepanda kiasi gani.

Na ajabu, utabiri bora kuliko wote Uingereza unafanya kitu kile kile cha yule mama. Ule unaotoka saa nne kamili usiku kwenye BBC, ITV na Sky, unaoongozwa na kina profesa John Curtice. Wanachagua vituo kama 130 hivi, kwa kadri inavyowezekana vile vile vya uchaguzi uliopita, mtu akitoka kupiga kura anaombwa ajaze karatasi nyingine inayofanana na ile aliyoipiga ndani, aitumbukize kwenye kisanduku, hamna anayemuuliza jina. Zaidi ya watu elfu 20. Halafu hawasemi "kituo hiki ni Labour 40", wanasema "kituo hiki Labour kapanda 3 toka mara iliyopita", na hayo mabadiliko ndo wanayatandaza kwenye majimbo mengine yanayofanana. 2010 kila mtu alikuwa anasema Liberal Democrats watapasua, namba ya saa nne ikasema viti 59, watu kwenye studio wakaikataa, wakapata 57. 2015 Paddy Ashdown, aliyewahi kuwa kiongozi wa Liberal Democrats, aliapa hadharani atakula kofia yake ikiwa namba ile ni kweli, ilisema chama chake viti 10, wakapata 8. 2017 walisema Conservative 314, ikawa 317. 2019 walisema 368, ikawa 365. 2024 Labour 410, ikawa 411. Lakini Reform walisema 13 wakapata 5, maana chama kipya hakina "mara iliyopita" ya kutosha kulinganisha nayo. Hata aliye bora ana mahali anapopotea, na mahali penyewe ni pale pale, kwenye kitu kisicho na historia.

Kuhusu mikeka, najua vijana mnauliza. Odi za kampuni za kubeti sio habari mpya, ni tafiti zile zile zimechanganywa na pesa za watu waliozisoma. Usiku wa kura ya Brexit 2016, ile ya kuamua kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, kampuni za kubeti zilikuwa zinaona kabisa Uingereza inabaki, kumbe wapiga kura wakaamua kutoka. Usiweke mshahara wa zamu za usiku hapo mdogo wangu, nakuomba.

Sasa uchaguzi ujao, ambao hautazidi Agosti 2029. Mtu wa kawaida afanye nini? Mimi nafanya hivi. Nachukua wastani wa tafiti nyingi, sio moja, halafu ile tofauti ya wa kwanza na wa pili naipa nafasi ya kukosea pointi 6 mpaka 8 KILA upande, kwa sababu tumeshaona zinakosea kiasi hicho, na kama baada ya hapo mshindi anabadilika basi nasema sijui na naishia hapo. Baada ya hapo naiacha taifa naingia majimboni. Nani alikuwa wa pili, kwa kura ngapi. Zile nafasi za pili 98 za Reform, 89 kati yake mshindi ni Labour, hiyo namba kwangu ina maana kubwa kuliko asilimia yoyote ya taifa. Mei 2025 tuliionja, uchaguzi mdogo Runcorn and Helsby, jimbo ambalo Labour alishinda 2024 kwa karibu kura elfu 15, Reform wakalichukua kwa kura 6.

Na kuna jambo la tatu ambalo linanitisha kama mtu wa namba. Mfumo huu wa majimbo ulizoea vyama viwili. Sasa viko vinne vitano vinavyogawana, na Scotland na Wales vina vyao juu ya hapo. Angalia South West Norfolk 2024, Liz Truss aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliyeshinda kwa gepu la kura zaidi ya elfu 26 mwaka 2019, akaangushwa kwa kura 630 na mgombea wa Labour aliyepata asilimia 26.7 tu ya kura zote. Watu karibu robo tatu hawakumtaka mshindi na bado ndo mbunge wao halali. Majimbo ya hivyo yakiwa mia mbili, chama kikipanda pointi 2 kinaweza kuongeza viti themanini, na kikishuka 2 kinapotea. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwa uhakika Farage anapata viti 350 au Labour anabaki, muulize majimbo. Hana majimbo. Mimi msimamo wangu kwa sasa ni kwamba bunge lisilo na chama chenye nusu linawezekana zaidi kuliko watu wanavyolipa nafasi, na nikikosea mje mniambie, nitakuwa nimeandika jina langu chini.

Kwa Leicester East yenu siangalii tafiti kabisa. Naangalia kama Vaz na Webbe au watu wa aina yao wanarudi kwenye karatasi, na kama Labour kaweka mgombea wa pale pale au kaletewa kutoka London. Hivyo viwili vitakuambia zaidi ya modeli yoyote, na wewe uko hapo, mimi sipo.

Mwisho, na hili hujaniuliza ila limeniuma kidogo kuona mnabishana bila kulitaja. Wewe na Mkenya mna haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi huo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura ya bunge, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zimo. Mwenzenu wa Congo hana, na wa Burundi hana, mpaka wapate uraia, ndo sheria ilivyo. Lakini haitokei yenyewe, lazima ujiandikishe kwenye daftari la halmashauri mapema, ukisubiri wiki ya mwisho umechelewa. Kituoni siku hizi wanataka kitambulisho chenye picha na pasipoti yako ya Tanzania inakubalika. Utakuta penseli imefungwa kamba, weka alama yako. Na ukitoka nje ukakutana na mtu ana kijisanduku anakuomba ujaze karatasi nyingine, usimkimbie, mjazie vile vile ulivyopiga ndani, maana hiyo ndo itakuwa ile namba ya saa nne usiku.